Pambo la Siku Moja

Aprili 2020, huko Taiwan, mzazi mmoja alipiga simu nambari 1922, ile ambayo serikali iliitenga kwa maswali ya wananchi kuhusu magonjwa ya kuambukiza, akaeleza kwamba mwanawe wa kiume anagoma kwenda shule. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepata barakoa ya pinki na aliogopa wenzake wasije wakamcheka. Wakati ule barakoa zilitolewa kwa mgawo: unakwenda duka la dawa na kadi yako ya bima ya afya, unapewa fungu lako, na rangi ni ile iliyotoka kiwandani siku hiyo. Tarehe 13 Aprili Waziri wa Afya, Chen Shih-chung, aliingia kwenye mkutano wake wa kila siku na waandishi wa habari akifuatana na maofisa wenzake, wote wamevaa barakoa za pinki. Alisema rangi yoyote inafaa maadamu barakoa inakinga, akaongeza kwamba utotoni alikuwa akiipenda katuni ya Pink Panther. Muda si mrefu makampuni na watu wa kawaida wakawa wanabadilisha nembo na picha zao mtandaoni ziwe za pinki.

Kisa hiki husimuliwa kama funzo la kuwaambia wavulana wasiogope rangi, na funzo hilo ni zuri. Ila mtoto yule alikuwa ameng'amua jambo ambalo watu wazima, pamoja na madaktari wao, walikuwa hawajalikiri: kitu kinachokaa usoni kutwa nzima ni vazi, na hakuna vazi lisilosemwa. Serikali ya Taiwan ilipoondoa vizuizi vya kuuza barakoa madukani mwezi Juni mwaka huohuo, viwanda havikuchelewa kumsikia. Zikaja barakoa za kutupa zenye paka, zenye maua ya mcheri, zenye mirabamiraba kama shati la sare, za kijani kibichi zenye kamba za rangi ya machungwa. Japani na Korea Kusini nako ikawa vivyo hivyo. Wengi walizibeza. Kwao barakoa ni chombo cha tiba, na kuitia maua ni kama kuitia shanga sindano ya chanjo. Hoja yangu ni kwamba wanaobeza wana haki ya kukereka, lakini wamekerwa na upande usio wenyewe wa kitu hicho.

Wasemaji wa Kiswahili tusingepaswa kushangaa barakoa kuwa pambo, kwa sababu neno lenyewe limetoka huko. Kabla ya korona, mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu akisikia barakoa alifikiria kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu, hasa wenye asili ya Oman: kitambaa kilichotiwa nili mpaka kikang'aa, chenye matundu mawili ya macho na kijiti kilichosimama juu ya pua ili kukipa umbo. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anazieleza barakoa za wanawake wa jamaa yake. Vazi lile lilisitiri na kupamba kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyeona kwamba kazi moja inaiharibu nyingine. Mwaka 2020 tulipohitaji jina la kile kitambaa cha hospitali tulilichukua neno hilohilo, na nadhani tulichagua vizuri kuliko tulivyojua. Hebu ishike barakoa ya hospitali, uubonyeze ule waya mwembamba uliobanwa kwenye ukingo wa juu mpaka ukae kwenye mgongo wa pua. Waya huo na kile kijiti ni ndugu.

Hata upande wa viwandani urembo haukuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mbunifu wa Marekani, Sara Little Turnbull, alifanya kazi na kampuni ya 3M katika kitengo kilichotengeneza utepe wa kufungia zawadi. Utepe ule haukufumwa kwa uzi. Nyuzi za plastiki ziligandishwa pamoja kwa joto, na Turnbull aliona kwamba kitambaa cha aina hiyo kinaweza kufinyangwa kikashika umbo. Wazo lake moja lilikuwa kikombe cha sidiria. Katika miaka hiyo alikuwa pia akishinda hospitalini na jamaa zake wagonjwa, akiwatazama wahudumu wakihangaika na barakoa bapa za kufunga kwa vigwe nyuma ya kichwa. Mwaka 1961 kampuni ikatoa barakoa yenye umbo la kiputo cha sabuni kilichokatwa katikati. Ilionekana haizuii vijidudu ipasavyo, ikauzwa kama kinga ya vumbi, lakini kutoka kwenye ukoo huo ndiko ilikotokea barakoa ya N95 ya mwaka 1972, ambayo leo madaktari wa kifua kikuu hawawezi kufanya kazi bila hiyo au mfano wake. Basi anayesema kwamba urembo umeivamia tiba ajue kwamba safari hii urembo ndio uliofika kwanza.

Ili kuona maua yanakaa wapi, chukua mkasi uikate barakoa moja ya kawaida. Utapata tabaka tatu. La nje na la ndani ni kitambaa cha polipropilini, aina ya plastiki, ambacho nyuzi zake zimetandazwa na kubanwa kwa joto. Ukikiinua kwenye mwanga utaona vijinukta vilivyopangwa safu kwa safu pale zilipobanwa. Msomaji wa Tanzania anavijua vijinukta hivyo kwa vidole vyake. Ni vilevile vilivyo kwenye mifuko mbadala iliyojaa masokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Tabaka la katikati ni jingine kabisa: jeupe, laini, halina nukta, linachanika kama pamba iliyolowa. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zimetiwa umeme tuli, kwa hiyo hunasa chembe hata zile ambazo zingeweza kupenya matundu yake, kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Kinga yenyewe imo humo. Michoro huchapwa kwenye kitambaa cha nje kikiwa bado robota, kabla mashine haijazikutanisha tabaka, kukunja yale marinda matatu na kubana kingo bila sindano. Ua na kichujio havigusani.

Hapo shutuma ya kwanza, kwamba pambo linaharibu kinga, inapungua nguvu, ingawa haiishi. Wino ukiwa mzito huziba nafasi za hewa, na mtu akikosa pumzi huishusha barakoa chini ya pua. Tena wapo wafanyabiashara wanaouza lesi nyeusi yenye kamba mbili wakaiita barakoa, au tabaka mbili za rangi bila lile jeupe la katikati, na mnunuzi asiye na mkasi hana la kufanya. Lakini udanganyifu wa namna hiyo hauhitaji maua. Mwaka 2020 Taiwan iligundua barakoa zilizoagizwa kutoka nje zikipakiwa upya na kuuzwa kama za tiba zilizotengenezwa nchini, nazo zilikuwa za kawaida tu. Dawa waliyoitumia ni ya kupendeza kwa wepesi wake: kuanzia mwishoni mwa Septemba mwaka huo kila barakoa ya tiba iliyotengenezwa Taiwan ilitakiwa ibonyezwe herufi za kuonyesha kwamba ni kifaa cha tiba na kwamba imetoka Taiwan. Ukiinamisha kwenye mwanga barakoa yenye paka wa katuni, ukingoni utaziona herufi hizo zimejichora bila wino, MD na MIT. Paka na muhuri wa serikali wakakaa kwenye kitambaa kimoja, na paka hakumpunguzia mkaguzi heshima.

Japani ndiko kwenye historia ndefu zaidi ya uvaaji wa kila siku, na historia hiyo inaonyesha jinsi kifaa kinavyohamia kabatini polepole. Wajapani wengi walizizoea barakoa tangu homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia milima iliyokatwa miti ilipandwa miti aina ya sugi kwa wingi. Miti ilipokomaa ikaanza kumwaga chavua kila majira ya kuchipua, na tangu miaka ya 1960 madaktari wakawa wanaandika juu ya watu wanaopiga chafya na kutokwa machozi kwa ajili yake. Mwaka 2003 kampuni ya Unicharm ilileta sokoni barakoa ya kutupa iliyokatwa kufuata umbo la uso, ikiwalenga watu hao wa chavua. Ilikuwa rahisi kuvaa, haikugusa mdomo, ikatupwa jioni. Kabla miaka kumi haijapita likazuka neno jipya, date masuku, lililoigwa kutoka jina la miwani isiyo na nguvu inayovaliwa kwa mtindo. Ilikuwa barakoa ya mtu asiyeumwa: msichana ambaye hakupata muda wa kujipodoa, kijana anayeona haya, mfanyakazi asiyetaka kuzungumzishwa kwenye treni.

Kwa hiyo korona ilipofika haikuwafundisha Wajapani kuvaa, iliwapa tu sababu ya kuchagua. Mtindo uliotamba kuanzia mwaka 2021 ulikuwa wa kile walichokiita barakoa za rangi ya uso wenye damu, yaani za pinki iliyochanganyika na maziwa, za urujuani hafifu, za rangi ya tofaa bivu, zilizochaguliwa ili mvaaji asionekane amefifia kama anavyoonekana na nyeupe ya hospitali. Nyingine zilikatwa na kutiwa kivuli pembeni ili uso uonekane mdogo. Korea Kusini nao walikuwa na KF94 yao, iliyokunjwa kama mtumbwi, ambayo kwa kipimo cha serikali huchuja angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio. Sifa iliyoitangaza kwa wanawake ni kwamba ina nafasi mbele ya midomo, hivyo haifuti rangi ya mdomo. Yaani kinga ya juu na urembo zilipatikana katika mkunjo mmoja. Vijana wa Japani kwa utani wao wakaiita barakoa chupi ya uso, kitu ambacho ukikizoea huwezi kukivua mbele za watu. Serikali yao ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 13 Machi 2023 kila mtu aamue mwenyewe, wengi waliamua kubaki nayo.

Maana ya barakoa machoni pa watu nayo ilikuwa imegeuka, na hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye barakoa nyeupe na zisizo nayo. Kwa jumla barakoa ilipunguza mvuto, kwani watazamaji waliihusisha na ugonjwa. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, kilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katikati ya janga: wanawake walioonyeshwa picha za wanaume waliwaona wanavutia zaidi wakiwa na barakoa ya bluu ya hospitali kuliko bila barakoa au na ya kitambaa. Majaribio haya mawili ni ya nchi mbili tofauti na hayalingani kwa kila kitu, lakini mwelekeo wake unaeleweka. Alama ya mgonjwa imekuwa alama ya mtu anayejijali. Aibu ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa cha barakoa kabla ya janga, na aibu haiondolewi kwa amri. Yule mtoto wa Taiwan hakuhitaji somo la virusi. Alihitaji kuona waziri mzima akiwa kama yeye.

Wapo wanaosema kwamba pambo linamfundisha kijana kujificha, kwamba uso uliofunikwa kwa hiari ni uso wenye wasiwasi. Sikatai kwamba wapo wenye shida hiyo, na neno chupi ya uso lina kicheko chenye uchungu ndani yake. Lakini mtu mwenye haya aliyevaa barakoa ya maua yuko njiani, yuko darasani, anazungumza na watu. Tusisahau pia kwamba nywele za bandia, wanja na miwani ya jua vyote huficha kitu, na hatuviitii mganga. Kanga inasitiri mwili na wakati huohuo inasema maneno makali kwa jirani, na hakuna aliyewahi kudai kwamba maua yake yanaipunguzia stara.

Shutuma nyingine, yenye uzito kwetu Afrika Mashariki, ni kwamba barakoa nzuri tulikuwa nayo tayari: ya kitenge. Mwaka 2020 mafundi cherehani kuanzia Nairobi hadi Bujumbura walishona kwa maelfu kutokana na vipande vilivyobaki kwenye magauni, na watu wakavaa barakoa iliyofanana na nguo. Ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikavaliwa tena. Ni kweli, na kwa mtu mzima wa afya anayekwenda sokoni ilitosha. Ila kitenge hakina umeme tuli. Mwezi Juni 2020 Shirika la Afya Duniani liliposhauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, lilishauri pia kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi na wenye maradhi mengine watumie za tiba. Bibi mwenye pumu aliyechagua ile ya kutupa kuliko ya kitenge hakukosea, wala sioni kwa nini anyimwe ile yenye maua.

Na hapa ndipo kero yenye haki inapoanzia. Hospitalini barakoa hutupwa kwa sababu imechafuka: muuguzi ametoka kwa mgonjwa mmoja anakwenda kwa mwingine. Kutupa huko ni sehemu ya tiba. Barakoa ikishakuwa vazi, inatupwa kwa sababu nyingine. Jana gauni lilikuwa la kijani, leo ni la zambarau, na kile kitambaa cha kijani ambacho kilivaliwa nusu saa ndani ya teksi hakiendani na chochote. Viwanda vinalijua hilo. Ndiyo maana sanduku moja huja na rangi kadhaa, na rangi hubadilika kwa majira na sikukuu kama vitambaa vya meza. Tumezoea mitindo inayopita, lakini gauni lililopitwa huenda kwa mdogo mtu, kisha mitumbani, kisha huwa dekio. Barakoa iliyopitwa haina mdogo mtu. Ni vazi pekee la nje ninalolijua ambalo kurithishana ni uchafu na kulifua ni kuliharibu, maana sabuni na maji vinaondoa ule umeme unaolifanya lichuje.

Mtengenezaji atajibu kwamba barakoa moja ina uzito wa gramu tatu au nne tu. Hesabu hiyo tunaijua. Mfuko wa rambo nao ulikuwa na gramu chache, na Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017. Gramu chache ndizo zinazopeperuka. Shirika la OceansAsia la Hong Kong lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake barakoa zipatazo bilioni 1.56 ziliingia baharini. Hata kama makadirio hayo yamezidi mara mbili, ni mzigo wa plastiki iliyosambaratishwa kuwa nyuzi tangu kiwandani, tayari kukatika vipande ambavyo samaki hawavioni tofauti na chakula. Ajabu ni kwamba tunamkamata mwanamke mwenye mfuko wa rambo sokoni, na plastiki ileile ikining'inia masikioni tunaiita kitambaa.

Kuna tofauti pia ya mahali mtindo ulipozaliwa na mahali unapohamia. Tokyo na Taipei barakoa iliyotumika huwekwa kwenye taka za kuchomwa, na sehemu kubwa ya taka hizo huishia kwenye matanuru yenye vichujio vya moshi. Mtindo wa pambo la siku moja ulikulia mahali ambapo kesho yake pambo hilo huwa jivu. Likifika kwenye jalala la Dandora, Nairobi, au la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, hakuna tanuru linalolingoja, kuna upepo, kunguru na mvua za masika zitakazolibeba mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka Mto Msimbazi au Mto Nairobi. Waagizaji wetu wa bidhaa huleta sanduku lenye maua bila kuleta tanuru, na mamlaka zinazokagua unene wa mifuko hazijawahi kupiga darubini sanduku hilo kwa jicho lilelile.

Ninachopendekeza hakihitaji mtu yeyote kurudi kwenye bluu ya hospitali kwa huzuni. Pambo lihamie kwenye kitu kinachobaki. Wakati wa janga zilienea kamba za kuning'inizia barakoa shingoni, nyingine za shanga, nyingine za mkufu. Vikaja vikasha vya kuihifadhia wakati wa kula. Na mafundi wengine walishona ganda la kitenge la kuvaliwa juu ya barakoa nyeupe, ambalo pia huibana vizuri mashavuni. Hapo kichujio kinabaki kichujio, kinatupwa kinapochafuka na si kinapochosha macho, na kitenge kinakwenda kwenye beseni la kufulia pamoja na nguo nyingine. Mwenye kuuza barakoa zenye maua naye aandike kwenye sanduku tabaka ni ngapi, ni plastiki gani na zinatupwa wapi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Kwa sasa masanduku mengi yana picha kubwa ya binti anayetabasamu kwa macho tu, na maandishi ya pembeni madogo kuliko yale ya kiberiti.